Kando ya Barabara ya Mombasa–Malindi

Barabara ya kutoka Mombasa hadi Malindi, katika pwani ya Kenya, ina urefu wa kilomita 120 hivi. Abiria wa matatu huimaliza kwa saa mbili au tatu, na akichungulia dirishani haoni mengi zaidi ya minazi, maduka na mashamba ya mkonge ya Vipingo. Mazuri ya njia hii yamejificha hatua chache kutoka kwenye lami.

Bamburi palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950, kikaacha uwanda mweupe usioota hata nyasi. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti humo. Mivinje ilistahimili, ila majani yake yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa jongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Leo machimbo hayo ni Haller Park, yenye twiga, viboko na makobe wakubwa. Ndipo alipohifadhiwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ni mamaye.

Kilifi watu walivuka hori kwa feri hadi daraja lilipokamilika mwaka 1991. Ukingo wa kusini, juu ya jabali linalotazama maji, yapo magofu ya Mnarani na mibuyu yake.

Baada ya Kilifi huanza msitu wa Arabuko-Sokoke, na hapa ndipo wasafiri wengi hukosea kwa kuongeza mwendo ili wawahi ufukwe. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Miti hubadilika kwa kufuata udongo: penye mchanga mweupe husimama mirihi mirefu, na penye udongo mwekundu huwa kichaka kizito. Katika kichaka hicho huishi bundi wa Sokoke, asiyefikia sentimita 20, ambaye kwingineko hujulikana kuwepo chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, tu. Hakuna wa kumwona bila kiongozi, kwa sababu mchana hulala akifanana na majani makavu. Sange mwenye kiuno cha manjano huonekana kwa urahisi kidogo, asubuhi na mapema, akifukua majani kwa pua yake ndefu kutafuta wadudu. Ndovu wamo pia, ingawa mara nyingi mgeni huambulia kinyesi na nyayo zao.

Pembeni mwa msitu ni Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kuta zake zimeshikwa na mizizi, na kima hucheza juu yake. Mradi wa Kipepeo, ulioanza hapo mwaka 1993, huwapa wanakijiji kipato kwa kufuga vipepeo wanaosafirishwa ng'ambo, hivyo msitu ukiwa hai huwa na faida kwao.

Ng'ambo ya barabara kutoka msituni, Mida, mikoko imezunguka maji ya chumvi. Kuanzia Agosti hufika ndege kutoka mbali, hata Siberia, wakila kaa na minyoo kwenye tope hadi Aprili. Saa nzuri ni maji yanapoanza kujaa, kwani ndege husogezwa karibu na watazamaji. Maji yakishajaa hutawanyika.

Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari zilizotangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya. Kasa hutaga mayai kwenye mchanga wa Watamu, na nyangumi hupita nje ya miamba kati ya Julai na Septemba. Kwa kutazama matumbawe, majira ya kaskazi ndiyo bora: wakati wa kusi bahari huchafuka, na mvua zikinyesha bara, Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya Malindi, huleta tope jekundu mpaka ufuoni mwa mji huo.