Bati jipya linavyogeuza rangi kuwa sabuni

Je, wajua kwamba mlango wa bati unaweza kutengeneza sabuni? Hauhitaji sufuria wala moto. Kopo moja la rangi ya mafuta linatosha.

Ukitoka Morogoro mjini kuelekea Dodoma, utaipita Dakawa, na mashamba yake ya mpunga ya bonde la Wami na mabati yanayometa juani. Palipopakwa rangi, sogea karibu: mara nyingi imebanduka vipande vipana kama maganda ya kitunguu, na bati chini yake ni safi kama limetoka dukani leo. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza rangi. Mkosaji ni zinki.

Bati jeupe ni chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki ndiyo inayozuia kutu. Lakini ikikutana na rangi ya mafuta, pakiwa na unyevu, huzaa sabuni ya zinki: utando dhaifu unaojificha kati ya rangi na bati. Anayechemsha sabuni nyumbani kwa kostiki soda na mawese anaujua mchezo huo, ila yeye aliutaka.

Wengi wakishaumia hukimbilia praima nyekundu, redoksaidi. Hiyo ni dawa ya chuma cheusi kilichopigwa msasa, kama nondo za dirisha. Kwenye bati jipya haisaidii, kwa sababu kwa kawaida nayo ni ya mafuta. Bati lioshwe kwanza kwa sabuni, litoke grisi ya kiwandani, likwaruzwe kidogo kwa msasa laini, kisha lipakwe praima ya maji iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya mabati, au ile yenye asidi ya fosfori inayoing'ata zinki. Bati kuukuu lililopoteza mng'aro ni pole zaidi. La msauzi limeshapakwa rangi kiwandani. Kama halijachubuka, liache.

Plasta mbichi nayo ina tabia hiyohiyo. Ukali wake hupita pH 12, nao hula rangi ya mafuta vilevile. Subiri siku 28, halafu tumia praima inayostahimili saruji. Na mahali penye udongo mzito unaoshika maji, ukuta hunyonya unyevu kutoka chini na kutoa chumvi nyeupe. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote usiku kucha; ukikuta matone ndani, weka brashi chini.

Kwa upande wa mbao, mitiki ya Mtibwa, iliyo wilaya ya Mvomero kama Dakawa, ina mafuta yake ya asili yanayokataa rangi. Ifute kwa thina, ipake praima mara tu inapokauka.

Kabla hujamlipa fundi, acha praima ikauke siku chache, chora msalaba kwa wembe pembeni, bandika selotepu juu yake na uivute kwa nguvu. Ikitoka na praima, kazi irudiwe.