Majani ya mpapai na siku ya saba

Juzi nimeulizwa tena, nimesimama njia panda ya Msata nangoja gari la Bagamoyo: "Dokta, shikamoo. Ile juisi ya majani ya mpapai ni kikombe mara ngapi kwa siku?" Kijana wa bodaboda, mdogo wake ana dengue. Hakuuliza kama inasaidia. Hilo lilishaamuliwa nyumbani. Kwangu alifuata dozi tu.

Haya, dozi ni sifuri.

Hoja yenu naijua. Dengue inashusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Jirani alikunywa papai siku ya tano, siku ya saba akapimwa, karatasi ya maabara ikaonyesha zimepanda. Nani abishane na karatasi? Mimi. Kwa mgonjwa wa dengue chembe sahani hushuka hadi kama siku ya tano au ya sita, halafu kwa walio wengi hupanda zenyewe: kwa aliyekunywa papai, kwa aliyekunywa chai ya rangi, na kwa aliyegoma kunywa chochote. Wala hakuna anayeanza na papai siku ya kwanza. Siku ya kwanza anameza mseto bila kupima malaria. Siku ya tatu anaambiwa ana UTI na taifodi, maana hapa kwetu mtu haruhusiwi kuugua bila hivyo viwili. Siku ya tano ndipo shangazi anatokea na kinu. Papai linafika ugonjwa ukiwa unafunga virago, na sifa zote linachukua lenyewe. Wahenga walishasema, jogoo awike asiwike, kutakucha.

Watakaonitajia tafiti za India na Malaysia, nimezisoma. Nyingi zilihusisha wagonjwa wachache, na baadhi zilikuta chembe zikipanda mapema kidogo kwa waliopewa dawa ya majani hayo. Hazikuthibitisha kwamba papai linaokoa maisha. Na hapo ndipo watu wanapokosea shabaha, kwa sababu dengue kali mara nyingi haiui kwa uchache wa chembe sahani. Inaua kwa kuvuja. Majimaji ya damu yanapenya kuta za mishipa midogo na kujaa kifuani na tumboni, damu iliyobaki inakuwa nzito, presha inaanguka. Hatari hiyo huja kati ya siku ya tatu na ya saba, mara nyingi homa inaposhuka. Yaani saa ileile ndugu wanaposema "amepata nafuu" na kuahirisha safari ya hospitali.

Sasa itazame hiyo juisi. Majani mabichi yametwangwa, yakachujwa kwa kipande cha kanga. Rangi ya kijani iliyokolea, povu juu, uchungu wa kugombana na mwarobaini. Mtoto anashikwa pua, anameza nusu kikombe, anatapika kikombe kizima. Maji aliyoyahitaji yamekwenda. Na sisi wahudumu tumepoteza dalili: kutapika mfululizo ni alama ya hatari, lakini sasa hatujui kama aliyeleta ni dengue au ni shangazi.

Huu si ugonjwa wa jana, tafadhali. Kamusi zetu zina neno kidingapopo, na daktari James Christie aliuandika Unguja baada ya mlipuko wa 1870, ingawa wataalamu wa leo wanashuku aliyoyaona yalikuwa chikungunya, ugonjwa unaofanana nao kwa dalili. Mwaka 2019 wagonjwa nchini walipita 6,000, wengi wao Dar es Salaam. Kila basi la Dar linaloshusha abiria Msata linaweza kumshusha mwenye virusi. Mbu wetu anahitaji mmoja tu.

Anayenitisha kuliko shangazi ni yule wa duka la dawa mwenye sindano ya diklofenaki. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Usikubali.

La kufanya? Pima malaria kwanza, kisha dengue. Ukiwahi ndani ya siku tano, kipimo cha haraka kinaweza kunasa protini ya kirusi chenyewe. Maumivu na homa ni paracetamol: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku, mtoto kwa uzito wake. Maji, ORS, dafu, uji mwepesi, kidogo kidogo mchana kutwa. Rozela iache, maana akiitapika tutadhani ni damu. Mgonjwa alale kwenye chandarua hata saa sita mchana, kwa kuwa mbu huyu anauma mchana na atachukua virusi kwake kupeleka kwa jirani. Hospitali bila kusubiri asubuhi: tumbo linauma sana, anatapika hovyo, fizi au pua zinatoa damu, choo cheusi, mikono ya baridi, analegea au hatulii, mkojo umekuwa haba. Aliyewahi kuugua dengue awahi zaidi. Aina za virusi vyake ni nne, na kuugua mara ya pili kwa aina tofauti ndiko kwenye hatari zaidi ya kuwa kali.

Mbu wenyewe mnawafuga. Kwa shida ya maji tuliyoizoea huku, kila nyumba ina pipa, na pipa lisilofunikwa ndiyo nyumba yao. Mayai yao hayaelei juu ya maji. Yamegandishwa ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji, madogo meusi kama masizi, na yanakaa makavu kwa miezi yakingoja ujaze. Kumwaga maji peke yake hakuyagusi. Sugua pipa kwa brashi na sabuni kila wiki, hasa pale kwenye mstari, halafu funika. Na mafundi wa pancha wa barabara ya Segera, yale matairi yaliyorundikwa nyuma ya vibanda yatobolewe au yafunikwe turubai kabla ya masika.