Gari la kabureta mbili likitetemeka, usikimbilie bisibisi

WAMILIKI wa magari ya zamani wanaifahamu kero hii. Gari likiwa mwendoni huvuta vizuri, lakini likisimama tu injini hutetemeka, silensa hupanda na kushuka, na wakati mwingine injini huzimika kabisa. Gari likiwa na kabureta mbili, wengi huzilaumu hizo mara moja na kuanza kuzungusha skrubu. Hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka kuwa kubwa.

Kwa mkazi wa Mpanda hilo si jambo la kupuuza. Barabara ya kwenda Sumbawanga, baada ya Sitalike, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako tembo na simba si hadithi. Si mahali pa kuzimikiwa na gari jioni.

Magari ya mfumo huu yana historia katika Afrika Mashariki. Datsun 240Z, yenye silinda sita na kabureta mbili, ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Range Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, nayo ilikuwa na injini ya silinda nane na kabureta mbili.

Injini ikiwa katika silensa, yaani inapozunguka bila kukanyagwa mafuta, vilango vya hewa vya kabureta huwa karibu vimefungwa. Hewa inayopita ni kidogo sana, hivyo kasoro ndogo ambayo haionekani mwendoni hujitokeza wazi.

Anza na moto

Kabla ya kugusa kabureta, kagua plagi, pointi, waya na taimingi, kisha nafasi za vali na kompresheni ya kila silinda. Silinda moja isiyochoma vizuri huitikisa injini yote, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoiponya.

Plagi zenyewe hutoa ushahidi. Rangi ya kahawia iliyofifia ni dalili njema. Masizi meusi huashiria mafuta kuzidi, na weupe huashiria mafuta kupungua. Katika injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kama ya 240Z, kabureta ya mbele hulisha zaidi silinda tatu za mbele na ya nyuma tatu za nyuma. Plagi tatu za upande mmoja zikiwa nyeusi na nyingine safi, umekwisha kujua pa kutazama.

Tafuta hewa ya wizi

Gaskiti iliyochakaa au mpira uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio kati ya kabureta na injini, ukiepuka nyaya za umeme. Mlio wa injini ukibadilika, hapo pana upenyo. Kamwe usitumie petroli kwa kipimo hiki, kwani cheche moja yaweza kuliteketeza gari.

Vumbi la kiangazi nalo lina sehemu yake. Katika kabureta za aina ya SU, inua pistoni kwa kidole kisha uiachie. Ishuke bila kukwama na kutoa mlio wa kugonga. Ikikwama, isafishe kwa kitambaa, bila msasa, na usibadilishane pistoni za kabureta hizo mbili.

Sawazisha, kisha pima mafuta

Injini ikiwa imepata moto wake wa kawaida, legeza kiungo kinachounganisha kabureta mbili. Weka ncha ya bomba jembamba la mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta kwa zamu. Rekebisha skrubu za silensa hadi mivumo ilingane, ndipo ukaze kiungo.

Mwisho ni mchanganyiko wa mafuta. Inua pistoni ya kabureta moja kiasi cha milimita moja. Mzunguko ukiongezeka na kubaki juu, mafuta yamezidi. Injini ikififia na kutaka kuzimika, yamepungua. Ukiongezeka kidogo na kurudi, umepatia. Rudia kwa ya pili.

Kumbuka kuwa Mpanda iko takriban meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam huelekea kuchoma mafuta kupita kiasi likifika huku. Mafuta yakizidi huosha oili kwenye kuta za silinda; yakipungua mno, injini hupata joto kali na vali zaweza kuungua.

Kabla ya kugeuza skrubu yoyote, andika ilikuwa imezungushwa mara ngapi ili uweze kurudi ulikoanzia. Na baada ya kazi, rudisha chujio la hewa kabla ya kuingia barabarani.