Nani Ameshika Daftari la .ke?

Mtu aliye Voi akitaka kujua iwapo serikali ya kaunti imetangaza zabuni au nafasi za kazi, huandika taitataveta.go.ke kwenye simu yake. Sisi jina hilo tunalisoma kutoka kushoto, lakini mitambo hulisoma kutoka kulia, na kabla ukurasa haujafunguka maswali kadhaa huwa yameulizwa na kujibiwa. Simu huiuliza seva ya kampuni inayoihudumia. Seva hiyo ikiwa haina jibu, huenda kwa seva za mzizi, zilizo juu kabisa ya ngazi ya majina duniani, na kuuliza ni nani anayejua habari za “ke”. Huelekezwa kwenye seva za .ke, zinazosimamiwa na KENIC jijini Nairobi. Huko huuliza kuhusu “go”, kisha kuhusu “taitataveta”, mpaka ipate namba ya kompyuta inayohifadhi ukurasa wenyewe. Utaratibu huu, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983, humaliza kazi kabla mtu hajapepesa jicho. Kwa hiyo anayeweza kufuta mstari mmoja katika daftari la .ke anaweza kuifanya kaunti nzima ipotee mtandaoni bila kugusa mlango wa ofisi hata moja pale Mwatate, makao makuu ya kaunti. Ndiyo maana swali la nani alishike daftari hilo si la mafundi peke yao. Mimi nashikilia kwamba serikali inastahili kiti mezani, tena kiti kikubwa, lakini ufunguo wa daftari usikae mfukoni mwake peke yake.

Mwanzoni serikali haikuwamo kabisa. Herufi za .ke zilitolewa mwaka 1993, wakati intaneti ilikuwa bado jambo la wasomi wachache. Msimamizi kwa upande wa Kenya alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, na kazi ya kiufundi ilifanywa na Randy Bush, mtaalamu wa Marekani aliyezisaidia nchi nyingi changa kuingia mtandaoni. Ulikuwa mpango wa kuaminiana, nao ulifaa kwa wakati wake. Biashara zilipoanza kuyategemea majina hayo, ikaonekana si sawa mali ya taifa zima ining'inie kwenye hisani ya watu wawili. Mwaka 2002 daftari lilihamishiwa KENIC, kampuni isiyogawa faida, ambayo bodi yake ilikutanisha Tume ya Mawasiliano, watoa huduma za intaneti na taasisi za elimu. Serikali ilikuwamo, ila haikuwa peke yake.

Uamuzi huo unavutia zaidi ukiukumbuka mkasa uliokuwa umetoka kutokea Nairobi. Wakati huo Kenya haikuwa na kebo hata moja ya intaneti baharini. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama ofisi zao zilitazamana barabarani, ilirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo, ikarudishwa kwa setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ukienda ng'ambo na kurudishwa Nairobi, safari ni kama kilomita 144,000, ambazo hata mwanga huhitaji karibu nusu sekunde kuzimaliza, na kila hatua ililipiwa kwa fedha za kigeni. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma, kupitia chama chao TESPOK, wakaanzisha KIXP, kituo ambapo mitandao yao ingekutana papo hapo Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kwenda nje ya nchi, ikalalamika. Tume ya Mawasiliano ikakubaliana nayo na kituo kikafungwa. Ilibidi watoa huduma wakate rufaa, wabishane na kueleza kwa subira kwamba mawasiliano yasiyotoka Kenya hayawezi kuvunja haki ya mawasiliano ya nje, ndipo Tume ikatoa leseni na kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Tume ile ile iliyouzima mtambo wenye manufaa kwa taifa ndiyo iliyokuja kuketi vizuri katika bodi ya KENIC. Naona tofauti ilikuwa katika namna ya kukaa: kwenye KIXP iliamua peke yake baada ya kumsikiliza mlalamishi mwenye nguvu, na kwenye KENIC ilibidi iwasikilize wenzake kabla ya kuamua.

Serikali inapojenga, ni haki isifiwe. TEAMS, kebo ya baharini iliyounganisha Mombasa na Fujairah mwaka 2009, ilisukumwa na serikali yenyewe pamoja na Etisalat na kampuni za hapa nchini. Kutoka pwani, mkongo wa mawasiliano hupanda hadi Nairobi ukifuata barabara kuu na reli, na hivyo hupita Voi. Ndani ya uzi wa kioo, ishara humaliza kilomita 150 hivi za Mombasa hadi Voi kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wenyeji wa Taita Taveta hawahitaji kufundishwa maana ya kupitiwa. Maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yamekuwa yakitiririka kwa bomba hadi Mombasa kwa miongo mingi, huku vijiji vya kaunti vikilalamikia kiu. Bomba la maji lilipangwa bila wenyeji kuulizwa, na sioni kwa nini mabomba ya habari yapangwe vivyo hivyo.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito: serikali ikipunguza mkono, matapeli wataingia. Ni kweli, na ushahidi hauko mbali. Gabon iliacha herufi zake, .ga, ziendeshwe na Freenom, kampuni ya Uholanzi iliyogawa majina bure, nazo zikageuka maficho ya wezi wa nywila na fedha. Mwaka 2023 Gabon ilizirudisha mikononi mwake, na mamilioni ya majina yakafutwa. Kenya imejikinga kwa masharti: jina la .go.ke hupewa taasisi ya serikali tu, na .ac.ke hupewa taasisi ya elimu ya juu, kama ttu.ac.ke ya Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Mwanafunzi wa Wundanyi anayetafuta ukurasa wa chuo hicho anaweza kutazama herufi za mwisho na kuutambua ulio wa kweli. Hapo mkono wa serikali unafaa kabisa. Hata hivyo, kumiliki jina ni kitu kimoja na kulilinda ni kingine. Januari 2012 mdukuzi kutoka Indonesia alichafua tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya kwa mkupuo, zote zikiwa na majina halali. Madaraka juu ya majina hayakuwaokoa waliosahau kufunga milango ya seva zao.

Wengine watasema usalama hauwezi kungoja vikao. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Mamlaka ya Mawasiliano, ndiyo ile Tume kwa jina jipya, iliagiza kampuni za simu zizuie Telegram ili kukomesha biashara ya karatasi za mitihani. Wizi wa mitihani ni uovu, na mzazi wa Taveta aliyeuza mbuzi alipe karo anastahili mwanawe ashindane kwa haki. Lakini agizo lile liliwanyamazisha pia wafanyabiashara na wanahabari wasiohusika, kwa barua tu. Barua ikitosha leo kuzuia programu, kesho itatosha kufuta jina la gazeti kwenye .ke, hasa kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2009 ya sheria ya mawasiliano na kanuni za 2010 tayari yameipa Mamlaka usimamizi wa majina hayo.

Hata wakubwa wamejifunza kulegeza mkono. Oktoba 1, 2016 Marekani iliachia mkataba wake wa kusimamia mzizi wa majina, na ICANN, shirika linaloratibu majina hayo, ikabaki ikiwajibika kwa mafundi, wafanyabiashara, raia na serikali kwa pamoja. Miaka minne kabla, huko Dubai, mataifa 89 yalitia saini mkataba wa mawasiliano ambao wengi walihofia ungeipa dola nguvu zaidi juu ya intaneti. Kenya haikusaini. Msimamo tulioushika Dubai tuushike na nyumbani: jina lolote chini ya .ke lisifutwe bila amri ya mahakama, amri hiyo itangazwe, na mwenye jina apewe nafasi ya kujitetea. Nikiambiwa mahakama ziko mbali na ni za polepole, nitajibu kwamba ziko Voi, Wundanyi na Taveta, na kwamba ombi la dharura la kuzuia shamba lisiuzwe linaweza kusikilizwa huko asubuhi na amri ikatoka kabla ya jua kutua.