Njia ya Misafara (5): Safari Iliyosubiri Wagonjwa

Wiki iliyopita zilitoka habari za vijana waliokuwa waondoke Ujiji kwa miguu, wafuate njia ya kale ya misafara hadi Bagamoyo, kilomita zipatazo 1,200. Wameahirisha. Mmoja wao ana kisukari, na daktari amemkuta na kidonda kisiginoni. Nimesikia watu wakiwabeza, eti mababu walipita humo pekupeku na pembe za ndovu mabegani. Maneno hayo yamenichoma, maana wanaoyasema hawajui mababu hao waliugua vipi.

Uzito wa mizigo na kazi ya kirangozi, yule kiongozi wa msafara, tumekwisha kuvieleza. Leo tuvuke Ziwa Tanganyika, twende Manyema. Julai 1870, David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alirudi kijiji cha Bambarre huko akiwa na watumishi watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, miguu imeliwa na madonda. Kila akikanyaga, majimaji yenye damu yalitoka. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, mpagazi alipotoroka nalo. Alilala kibandani siku 80, na kilichomfaa ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, likisagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Alisubiri, akapona, na mwisho wa Machi 1871 akaufikia mto Lualaba pale Nyangwe.

Watumwa wa misafara hawakuwa na kibanda cha kusubiria. Livingstone aliandika kwamba kilio chao kwa ajili ya madonda hayohayo kilisikika usiku kambini. Aliyeshindwa kutembea aliachwa porini, au aliuawa. Juni 1866, karibu na mto Ruvuma, alimwona mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekwisha kufa. Huo ndio ushujaa wa kutopumzika tunaoutupia vijana usoni!

Sasa tazama waungwana walipojiongoza wenyewe. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo Mei 1873, baada ya kupambana na mabwawa ya Bangweulu wakati wa masika huku akivuja damu. Susi na Chuma wakaushika msafara, wakaukausha mwili, wakaanza safari ya kuurudisha pwani. Hawakuwa wamefika mbali maradhi yakawaangusha wengi wao, Susi mwenyewe akiwemo. Wanawake wawili walikufa. Msafara ukasimama takriban mwezi mzima, na hakuna aliyeachwa kwa kuwa ni mzito wa kutembea. Februari 1874 waliingia Bagamoyo na maiti yao. Nani atasema watu hao walikuwa waoga?

Njia hii ya Ujiji hadi Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 2006, lakini ni watoto wangapi wa shule za Mpwapwa au Kilimatinde wanaowajua Susi na Chuma? Majina yao yaandikwe kando ya barabara, kwa herufi kubwa.

Ama kijana wetu, kisukari huweza kuua hisia za nyayo, hivyo kidonda huweza kuchimba bila kuuma. Asikanyagie mguu huo hadi daktari aridhike kuwa umefunga, na akianza safari aikague miguu kila jioni. Wenzake wamsubiri.

Juma lijalo tutaingia Ugogo, kwenye maji yaliyolipiwa hongo, ule ushuru wa njia.