Mbu hangoji Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi wa mazingira nchini Tanzania, desturi iliyopata msukumo mpya baada ya Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi. Katika vijiji vinavyoizunguka Mbalizi, mkoani Mbeya, kuokota taka kando ya mashamba na barabara ni kazi yenye manufaa. Hata hivyo, rundo linalokusanywa ndilo faida ndogo. Faida kubwa ni kile mwokotaji anachojifunza na kwenda kukifanya nyumbani kwake wiki inayofuata.

Ushahidi wa kwanza ni mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue. Hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya kopo, tairi bovu au ndoo iliyopasuka, na penye joto yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa siku 8 hadi 10. Baridi ya Nyanda za Juu humchelewesha, lakini wiki nne kati ya siku moja ya usafi na nyingine zinamtosha. Isitoshe, mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kwa chombo kinachoendelea kutumika, kumwaga maji pekee hakutoshi. Kisuguliwe kwa ndani. Atakayesema tatizo letu ni malaria, si dengue, ana hoja: mbu wa malaria hupendelea madimbwi, na kuwaambia watu kwamba kuokota makopo kutamaliza malaria ni kuwadanganya. Chandarua kibaki pale pale. Lakini dengue ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na malori yatokayo huko hupita Mbalizi kila siku kuelekea Tunduma.

Shambani kuna hatari nyingine. Chupa ya kiuatilifu iliyotupwa kwenye tuta la viazi au nyanya bado ina mabaki ya sumu, na ikiokotwa ovyo huishia kuwekewa mafuta ya taa, maziwa au maji ya kunywa. Kinga yake ni rahisi: isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha itobolewe isitumike tena. Pampasi nazo, mvua ikinyesha, hupeleka kinyesi mitoni, na kinyesi ndicho njia ya kuhara na kipindupindu. Ndiyo maana waokotaji wavae glavu na buti, na watoto wasipewe kushika chupa za dawa, sindano wala pampasi.

Wapo wanaosema kuzoa taka ni wajibu wa halmashauri. Ni kweli, na wananchi wana haki ya kudai dampo na gari la taka, lakini hakuna gari litakalokagua kopo lililo nyuma ya jiko la mtu. Wengine, wakisikia usafi ukisifiwa kuwa mazoezi, husema mkulima hahitaji kuinama na kutembea zaidi. Nao hawajakosea, ingawa mfanyabiashara anayeshinda amekaa dukani anayahitaji, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hoja nzito zaidi ni kwamba taka zilizokusanywa huchomwa moto. Moshi wa plastiki hubeba kemikali zenye sumu, zikiwemo dayoksini, hivyo kuokota kisha kuchoma ni kuitoa hatari ardhini na kuipeleka mapafuni.

Dawa ya haya yote ni dakika kumi kabla watu hawajatawanyika. Rundo litenganishwe mbele ya wote, na mhudumu wa afya wa kijiji aeleze kila kundi la taka linaleta ugonjwa gani na nyumbani lifanyweje. Kisha kila kaya ichague siku moja ya wiki ya kukagua ua wake. Jumamosi ya usafi inayofuata, mwenyekiti wa kitongoji asiulize tu ni viroba vingapi vimejaa. Aulize ni nyua ngapi ambazo hazikukutwa na kopo lenye maji.