Leseni za programu za biashara: Kila jina lina bei

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia ndani ya kompyuta, na kwa wafanyabiashara wengi limeanza kudai malipo kila mwezi, tena kwa idadi ya watu wanaolifungua.

Mtwara biashara hufuata msimu wa korosho. Minada inapoanza mwezi Oktoba na fedha za wakulima kuingia benki, maduka ya Rahaleo na kata nyingine za Manispaa ya Mtwara-Mikindani huuza mabati, saruji, pikipiki na vyombo vya ndani kwa kasi ambayo haionekani mwezi Machi. Wakati huo wenye maduka huongeza makarani, huongeza kompyuta, na katika programu ya mauzo na stoo huongeza majina ya watumiaji.

Tatizo huanza msimu unapokwisha. Karani anarudi kijijini, lakini jina lake linabaki kwenye programu na ankara inaendelea kuja. Mwenye duka analipia mtu ambaye hajagusa kompyuta kwa miezi minane.

Jina au nafasi?

Programu nyingi kubwa za kuendesha biashara, zile zinazounganisha mauzo, stoo, hesabu na mishahara, haziuzwi moja kwa moja kama jembe. Kinachouzwa ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na mara nyingi ruhusa hiyo huhesabiwa kwa watumiaji.

Kuna njia kuu mbili za kuhesabu. Ya kwanza ni kwa jina: kila mfanyakazi aliyesajiliwa analipiwa, awe ameingia leo au hajaingia mwaka mzima. Ya pili ni kwa nafasi: mnalipia idadi ya watu wanaoweza kuwa ndani kwa wakati mmoja. Duka lenye makarani sita wanaopokezana zamu mbili za watu watatu linaweza kutosheka na nafasi tatu, wakati kwa njia ya majina lingelipia sita.

Aidha, zipo programu zinazouza kwa madaraja. QuickBooks ya mtandaoni, kwa mfano, ina daraja la mtumiaji mmoja, la watatu, la watano na la hadi 25. Maana yake ni kwamba mtu wa sita anaweza kuonekana nyongeza ndogo, kumbe anahamisha biashara nzima kwenda daraja la bei ya juu.

Tally, programu ya hesabu kutoka India ambayo imezoeleka katika maduka na viwanda vingi vya Afrika Mashariki, ina utaratibu tofauti. Leseni yake ndogo ni ya mtumiaji mmoja, na kubwa inaruhusu watumiaji wengi katika mtandao mmoja wa ndani bila kuhesabu vichwa. Kwa duka lenye watu wawili kubwa inaweza kuwa ghali, lakini kwa lenye watu kumi inaweza kuwa nafuu.

Hesabu ya msimu

Chukulia duka la vifaa vya ujenzi lililopo Rahaleo, lenye tawi Tandahimba. Limesajili majina tisa: mwenye mali, mhasibu, makeshia wawili, watunza stoo wawili, msimamizi wa tawi na makarani wawili wa msimu. Tuseme, kwa mfano tu, kila jina ni dola 15 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hiyo ni dola 1,620.

Sasa orodha ipitiwe jina kwa jina. Mwenye mali haandiki kitu, anasoma taarifa za jioni tu, na anaweza kuletewa zikiwa zimechapishwa. Mtunza stoo mmoja aliacha kazi zamani. Makarani wa msimu wanahitajika kuanzia Oktoba hadi Januari, miezi minne. Wanaobaki mwaka mzima ni watano.

Hesabu mpya ni dola 900 kwa hao watano na dola 120 kwa makarani wa msimu, jumla dola 1,020. Zimeokolewa dola 600, na hakuna kazi hata moja iliyosimama.

Hata hivyo, jambo moja liangaliwe mapema. Mikataba mingi ya mwaka inaruhusu kuongeza watumiaji siku yoyote, lakini kupunguza hadi siku ya kuhuisha mkataba. Anayetaka kupunguza baada ya msimu atafute malipo ya mwezi kwa mwezi, hata kama bei ya mwezi iko juu kidogo, au apange mkataba wake uishe Januari, wakati fedha ya msimu bado iko mkononi na idadi halisi ya watumiaji inajulikana.

Shilingi inaposhuka

Gharama nyingine imejificha kwenye dola. Mwishoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilivuka Sh2,600. Dola 1,620 zilizokuwa Sh3,726,000 kwa kiwango cha Sh2,300 zinakuwa Sh4,293,000 kwa kiwango cha Sh2,650. Ni ongezeko la Sh567,000 ambalo halikuleta karani mpya wala kompyuta mpya.

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kuwekewa bei na kulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo anayenunua kwa wakala aliye nchini ana haki ya kudai bei ya shilingi. Anayelipa moja kwa moja kwa kampuni ya nje kwa kadi atabaki na mabadiliko ya dola, na ni busara aweke akiba ya tofauti hiyo katika bajeti yake.

Vilevile aulize kama bei aliyotajiwa imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kiwango cha kawaida cha asilimia 18 kinatosha kuvuruga bajeti ya mtu asiyejiandaa.

Neno la siri moja, watu watatu

Wapo wanaokwepa gharama kwa kuwapa makarani watatu jina moja na neno la siri moja. Kwa haraka inaonekana ujanja. Lakini siku mifuko 12 ya salfa inapokosekana stooni, programu itaonyesha kuwa aliyeitoa ni "Karani 1", na Karani 1 ni watu watatu. Kila mmoja atasema si yeye, na hakuna atakayeweza kubishiwa. Hasara hiyo peke yake inaweza kuzidi leseni mbili zilizokwepwa. Na pale ambapo leseni ni ya jina, kugawana jina ni kuvunja mkataba.

Kutumia nakala ya wizi ni hatari zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Nakala ya namna hiyo haina msaada wa mtengenezaji na mara nyingi huja na virusi, na kitakachoharibika ni kumbukumbu za mali na madeni.

Hata wakubwa huteleza

Gharama za leseni si tatizo la wadogo peke yao. Mwaka 2017 mahakama nchini Uingereza iliamua kesi kati ya kampuni ya programu ya SAP na Diageo, kampuni kubwa ya vinywaji. SAP ilidai zaidi ya pauni milioni 54 kwa sababu wateja na maofisa mauzo wa Diageo walikuwa wakifikia taarifa za SAP kupitia mfumo mwingine bila kulipiwa leseni. Mahakama ilikubali kwamba matumizi hayo ya kupitia mlango wa pembeni nayo yalipaswa kulipiwa.

Funzo kwa mfanyabiashara wa Mtwara ni dogo lakini la maana. Kabla ya kuunganisha programu ya duka na simu za mawakala wa vijijini, aulize kwa maandishi kama kila wakala atahesabiwa kuwa mtumiaji.

Hapa nchini, Serikali ilitumia kwa miaka mingi programu ya kigeni ya Epicor katika hesabu zake, kisha ikahamia MUSE, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani. Mfanyabiashara mdogo hawezi kujijengea mfumo, lakini zipo programu ambazo leseni yake ni bure. ERPNext haitozi leseni kwa mtumiaji. Odoo ina toleo la jumuiya lisilolipiwa, ingawa toleo lake la kulipia huhesabu watumiaji. Kwa hesabu za duka dogo ipo GnuCash.

Bure hapa haina maana ya kutotumia fedha. Kompyuta ya kuhifadhia, fundi wa kuiweka, mafunzo kwa makarani na matengenezo vyote vina gharama. Tofauti ni kwamba gharama hizo haziongezeki kwa kila jina linaloandikwa.

Vyama vya msingi waangalie kwanza

Makatibu wa AMCOS nao hufuatwa na wauza programu, hasa kwa kuwa mauzo ya korosho yamekuwa na nyaraka nyingi tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara katika msimu wa 2007/08. Katika msimu wa 2024/25 minada nayo iliingia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Kabla ya kusaini, chama kiangalie kazi zinazofanywa tayari na MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama. Kulipia leseni za kufanya kazi ile ile mara mbili ni kumkata mkulima fedha yake bila kumwambia.

Kabla ya kusaini

Anayenunua programu apate majibu ya maswali haya kwa maandishi: Leseni inahesabiwa kwa jina, kwa nafasi au kwa kompyuta? Je, jina la aliyeacha kazi linaweza kupewa mrithi wake bila malipo mapya? Ipo leseni nafuu kwa wanaosoma taarifa tu? Bei ya mwaka wa pili ni ipi? Programu inaunganishwa vipi na utoaji wa risiti za kielektroniki za TRA?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika: nikiacha kulipa, kumbukumbu zangu nazipataje? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Mamlaka ya mapato haitapokea maelezo kwamba zimefungiwa na mwenye programu. Nakala ya kumbukumbu zote itolewe kila mwezi na kuhifadhiwa mahali pengine. Waliokuwa wakitegemea intaneti kwa kila kitu wanakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na mtandao kuyumba karibu nchi nzima.

Kazi ya kupitia majina haihitaji mtaalamu. Mara nne kwa mwaka, orodha ya watumiaji ichapishwe na kuwekwa kando ya orodha ya mishahara. Jina lililo kwenye programu na halipo kwenye mishahara lifutwe siku hiyo hiyo, kwanza kwa usalama wa stoo, pili kwa fedha.

Mfanyabiashara wa Rahaleo anayehesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja inaposhushwa kutoka kwenye lori hana sababu ya kushindwa kuhesabu majina tisa.